Daktari Aliyefundisha Wanasheria

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena baada ya kuyasikiliza. Mwisho wa mazungumzo yapo maneno ya kujifunza na maswali ya kuzungumza darasani.)

Natumaini kila mtu amekwisha kupata mahali pa kukaa, na daftari ziko wazi. Leo hatutahesabu, wala hatutasoma habari za mbolea. Leo nitawaambieni habari za mwalimu mmoja wa chuo kikuu. Mwalimu huyu alikuwa daktari, lakini hakuwa akikaa hospitali kutwa kupima wagonjwa. Kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha watu wanaosomea sheria. Jina lake ni Jay Katz, na chuo chake kilikuwa Chuo Kikuu cha Yale, katika mji wa New Haven, nchi ya Marekani.

Pengine utauliza: "Mimi mkulima, mimi mama wa nyumbani, mimi fundi, habari za profesa wa Marekani zinanihusu nini?" Ni swali zuri. Nitakujibu kwa swali jingine. Je, umepata kwenda hospitali ukapewa karatasi, ukaambiwa, "Tia sahihi hapa"? Zamani, kabla hujaingia darasani, ulichovya kidole gumba katika wino ukabonyeza. Sasa wajua kuandika jina lako, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kujua kuandika jina si sawa na kujua unaliandikia nini. Profesa Katz alifanya kazi karibu miaka 50 juu ya jambo hilo moja: mtu anapokubali daktari auguse mwili wake, je, amekubali kweli, au amekubalishwa?

Basi tuanze mwanzo.

Jay Katz alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Zwickau, nchi ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alipokuwa na umri wa miaka 10, mwaka 1933, chama cha Nazi kilishika serikali, na kiongozi wake alikuwa Adolf Hitler. Tangu siku hizo Wayahudi walinyang'anywa haki zao moja baada ya nyingine. Kijana Katz akakimbia nchi aliyozaliwa, akapitia nchi nyingine za Ulaya, na mwaka 1940 akafika Marekani. Huko alisoma kwa bidii. Mwaka 1944 alimaliza masomo yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Vermont, na mwaka 1949 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard. Baadaye akajifunza hasa matibabu ya magonjwa ya akili.

Wakati alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari, kulitokea kesi iliyoushtua ulimwengu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945. Katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, mahakama ya Marekani iliwashtaki watu 23, na kati yao 20 walikuwa madaktari. Kesi ilianza Desemba 1946 na hukumu ikatolewa Agosti 1947. Walishtakiwa nini? Walishtakiwa kwamba waliwatumia wafungwa kama wanyama wa kujaribia. Wafungwa wengine walitiwa katika maji ya baridi kali ili madaktari waone mtu hufa baada ya muda gani. Wengine waliambukizwa malaria kwa makusudi. Wengine walinyweshwa maji ya bahari. Hakuna aliyeombwa ruhusa. Watu 16 walionekana na hatia, na 7 kati yao wakahukumiwa kifo.

Mahakimu wa Nuremberg hawakutoa hukumu tu. Waliandika pia kanuni 10 za kuongoza majaribio yanayofanywa juu ya binadamu. Kanuni ya kwanza yasema kwamba mtu hawezi kutumiwa katika majaribio mpaka akubali mwenyewe kwa hiari yake, bila kushurutishwa, bila kudanganywa, na baada ya kuelezwa jambo lenyewe mpaka alielewe. Tunaita ukubali wa namna hiyo ridhaa. Andika neno hilo katika daftari lako: R-I-D-H-A-A. Ridhaa.

Madaktari wengi wa Marekani waliisoma kanuni hiyo wakasema, "Naam, ni kanuni nzuri kwa washenzi wale. Sisi hatuihitaji." Kumbe mambo hayakuwa hivyo. Nyani haoni kundule.

Mwaka 1958 Katz aliingia kufundisha katika shule ya sheria ya Yale. Fikiri ajabu yake: daktari wa magonjwa ya akili anasimama mbele ya vijana wanaotaka kuwa mawakili na mahakimu. Alikuja kuwafundisha nini? Aliwafundisha kuuliza maswali ambayo madaktari hawakuyauliza na mawakili hawakuyajua. Nani ana mamlaka juu ya mwili wa mgonjwa? Daktari akitaka kujaribu dawa mpya, nani wa kumruhusu? Nani wa kumzuia? Mtoto mchanga, mfungwa, mzee asiye na fahamu, mtu maskini asiyejua kusoma, hao nani atawasemea? Pamoja na walimu wenzake aliandika vitabu vya kufundishia, kimoja juu ya sheria na jamaa, mwaka 1965, na kingine juu ya sheria na magonjwa ya akili, mwaka 1967. Siku hizo somo la sheria za afya na maadili ya udaktari halikuwa limekua. Katz ni mmoja wa wale waliolikuza, kama mtu anayefyeka msitu apate shamba.

Mwaka 1972 alitoa kitabu kikubwa chenye zaidi ya kurasa 1,000. Jina lake kwa Kiingereza ni Experimentation with Human Beings, yaani Majaribio juu ya Binadamu. Ndani yake alikusanya kesi, barua, ripoti na mashauri ya kila namna, ili msomaji ayaone mwenyewe. Kitabu kinaanza na kisa cha hospitali moja ya Brooklyn, katika mji wa New York. Mwaka 1963 wagonjwa 22 wa hospitali hiyo walipigwa sindano zenye chembe hai za saratani. Wengi wao walikuwa wazee na dhaifu. Madaktari walitaka kujua kama mwili wa mgonjwa utazifukuza chembe hizo. Lakini wagonjwa hawakuambiwa kwamba katika sindano mlikuwa na saratani. Madaktari waliohojiwa walijibu kwamba neno "saratani" lingewatisha wazee wale bure. Madaktari vijana watatu wa hospitali hiyo walikataa kushiriki. Jambo likafika kwa halmashauri ya jimbo la New York, na madaktari wawili wakaonekana wamekosa.

Tazama hoja ile tena, msikilizaji: "Tusiwaambie, wasije wakaogopa." Je, si hoja tunayoisikia mara kwa mara, hata majumbani mwetu? Katz aliiuliza swali rahisi: kama ukweli unamtisha mtu hata akatae, wewe una haki gani ya kumnyima ukweli huo ili akubali?

Mwaka ule ule wa 1972, mwezi wa Julai, magazeti ya Marekani yalifichua jambo kubwa kuliko hilo. Sikilizeni vizuri, maana habari hii inawahusu hasa watu ambao hawakupata nafasi ya kusoma.

Katika jimbo la Alabama kuna mji uitwao Tuskegee, katika wilaya ya Macon. Mwaka 1932 madaktari wa Idara ya Afya ya Serikali ya Marekani walikwenda huko kuchunguza ugonjwa wa kaswende. Mnaujua ugonjwa huo. Huanza kwa kidonda, kidonda hupona chenyewe, na mtu hudhani amepona. Lakini ugonjwa umejificha mwilini. Baada ya miaka mingi waweza kuharibu moyo, ubongo na macho. Mama mja mzito aweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni.

Madaktari waliwachagua wanaume 600, wote weusi. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, na 201 hawakuwa nayo. Wengi wao walikuwa maskini waliolima pamba katika mashamba ya watu wengine, na elimu yao ilikuwa ndogo. Hawakuambiwa, "Una kaswende." Waliambiwa tu kwamba wana "damu mbaya", neno ambalo watu wa huko walilitumia kwa maradhi ya kila namna. Hawakuambiwa kwamba wao ni watu wa kutazamwa tu. Walidhani wanatibiwa. Walipewa vidonge visivyotibu kaswende, chakula siku ya kupimwa, na ahadi ya fedha za mazishi. Mazishi yalikuwa na sharti: maiti ipasuliwe kwanza ili madaktari waone ugonjwa umefanya nini ndani. Walipotakiwa kutolewa maji ya uti wa mgongo, waliandikiwa barua kwamba hayo ni matibabu maalum ya bure. Hayakuwa matibabu. Ulikuwa uchunguzi tu.

Kufika mwisho wa miaka ya 1940, dawa ya penisilini ilikuwa imekwisha kujulikana kuwa inaponya kaswende. Je, watu wa Tuskegee walipewa? Hawakupewa. Madaktari walitaka kuendelea kutazama. Wakatazama miaka 40. Na wala haikuwa siri kati ya madaktari, maana matokeo yalipigwa chapa mara nyingi katika majarida yao. Walisoma, wakageuza ukurasa, wakaendelea na kazi.

Aliyekataa kunyamaza alikuwa mtumishi mmoja wa Idara hiyo, Peter Buxtun. Aliwaandikia wakubwa wake mwaka 1966, na tena mwaka 1968, akisema kwamba jambo hili halifai. Hawakuliacha. Ndipo alipowapa waandishi wa habari, na nchi nzima ikajua.

Serikali ikaunda kamati ya watu 9 kuchunguza. Profesa Katz alikuwa mmoja wao. Katika Oktoba 1972 kamati ilishauri uchunguzi ule ukomeshwe, nao ukakomeshwa. Mwaka uliofuata, Aprili 1973, ikatoa ripoti yake kamili. Ripoti ilisema kwamba uchunguzi ule haukuwa wa haki tangu mwanzo wake. Lakini Katz hakuridhika. Aliona maneno ya ripoti ni mapole mno. Kwa hiyo akaandika maelezo yake mwenyewe, yakawekwa pamoja na ripoti. Alisema waziwazi kwamba ushahidi upo wa kutosha kuonyesha kuwa watu wale hawakuombwa ridhaa. Walitumiwa, walichezewa, walidanganywa. Hawakutendewa kama watu bali kama vitu vya kuchunguzia.

Kwa nini alisisitiza hivyo? Kwa sababu mtu akisema, "Yalikuwa makosa ya zamani, watu hawakujua," basi hakuna wa kujifunza. Katz alitaka ijulikane kwamba walijua. Walikuwa na akili, na elimu, na dawa. Walichokosa ni kumhesabu mtu yule kuwa mtu.

Tena Katz na wenzake walishauri iundwe halmashauri moja ya taifa, yenye nguvu, ya kusimamia majaribio yote yanayofanywa juu ya binadamu. Bunge la Marekani halikuunda halmashauri ya namna hiyo. Lakini mwaka 1974 lilipitisha sheria iliyodai kwamba utafiti juu ya watu, unaolipiwa na serikali, upitiwe kwanza na kamati maalum ya chuo au hospitali. Leo kamati za namna hiyo ziko katika nchi nyingi za dunia. Waliosalia wa Tuskegee na jamaa za waliokufa walilipwa na serikali dola milioni 10 katika mapatano ya mwaka 1974. Na mwaka 1997, Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa. Wakati huo waliobaki hai walikuwa wachache sana. Mtu wa mwisho kati yao alifariki mwaka 2004.

Sasa tuache utafiti, tuje katika matibabu ya kawaida. Maana Katz aliona kwamba ugonjwa ni ule ule, ingawa dalili zake ni ndogo zaidi. Ugonjwa huo ni kimya.

Mwaka 1984 alitoa kitabu kiitwacho The Silent World of Doctor and Patient, yaani Ulimwengu wa Kimya wa Daktari na Mgonjwa. Alieleza kwamba tangu zamani za Wayunani madaktari walifundishwa kuamua peke yao. Mgonjwa kazi yake ilikuwa kutii. Mahakama za Marekani zilianza kusema, hasa tangu mwaka 1957, kwamba daktari lazima ampe mgonjwa maelezo kabla ya kupata ridhaa yake. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini Katz aliona kwamba katika hospitali nyingi neno ridhaa liligeuka kuwa karatasi tu. Mgonjwa anatia sahihi, daktari anaweka karatasi katika faili, na kimya kinaendelea kama zamani.

Katika kitabu hicho anaeleza habari za mwanamke mmoja wa miaka 21 aliyekuwa na saratani ya titi. Siku hizo madaktari wengi wa upasuaji walikuwa wakikata titi lote. Wengine walianza kusema kwamba yatosha kuondoa uvimbe na kutibu kwa mionzi. Daktari wake alitaabika moyoni, halafu akaamua kumweleza njia zote. Yule mwanamke akachagua kuondolewa uvimbe tu na kupata mionzi. Madaktari wengine walipopata habari, walimlaumu yule daktari. Walisema kwamba mgonjwa hawezi kubebeshwa mzigo wa kuamua jambo zito namna hiyo. Katz alisema kinyume chake: madaktari wenyewe hawakukubaliana njia ipi ni bora. Basi, kama wao wana mashaka, kwa nini mwenye titi asiambiwe? Mwaka uliofuata, 1985, utafiti mkubwa ulionyesha kwamba kwa uvimbe ambao haujawa mkubwa, waliotolewa uvimbe na kupata mionzi waliishi sawasawa na waliokatwa titi zima.

Hapo ndipo lilipo fundisho kubwa la Katz. Daktari asifiche mashaka yake. Kusema "Sijui kwa hakika, lakini nadhani hivi, kwa sababu hii na hii" si aibu. Ni heshima kwa mgonjwa. Na mgonjwa naye asijifiche katika kimya. Ana wajibu wa kueleza hofu yake, na wa kuuliza.

Tusikilize mfano mdogo tulioutunga. Bibi mmoja amekwenda hospitali, macho yake hayaoni vizuri.

DAKTARI: Shikamoo, bibi.
BIBI: Marahaba, mwanangu.
DAKTARI: Jicho lako la kulia lina mtoto wa jicho. Tutakupasua kesho. Weka kidole hapa.
BIBI: Haya, baba. Wewe ndiwe ujuaye.

Bibi ameweka kidole. Je, ametoa ridhaa? Hajui atafanyiwa nini, hajui hatari yake, hajui kama yupo huru kukataa. Sasa tusikilize tena, kwa njia nyingine.

DAKTARI: Shikamoo, bibi.
BIBI: Marahaba, mwanangu.
DAKTARI: Bibi, ndani ya jicho kuna kitu kama kioo. Chako kimeingia ukungu. Twaweza kukitoa na kutia kingine cha kutengenezwa. Utapewa dawa ya ganzi, usisikie maumivu.
BIBI: Nitaona kama zamani?
DAKTARI: Watu wengi huona vizuri sana. Lakini sikuahidi. Kama nyuma ya jicho pana ugonjwa mwingine, huenda usione sana. Tena mara chache jicho huingia wadudu wa ugonjwa baada ya kupasuliwa.
BIBI: Nisipopasuliwa?
DAKTARI: Ukungu utaongezeka polepole. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kudondosha inayoutoa.
BIBI: Nataka kwanza kusema na mwanangu mkubwa.
DAKTARI: Vema, bibi. Njoo naye Jumatatu, tuzungumze sote.

Umeona tofauti? Maneno yenyewe hayazidi dakika mbili. Wako wanaosema kwamba daktari hana nafasi, foleni ni ndefu na wagonjwa ni wengi. Ni kweli, na ni kweli hasa katika hospitali zetu. Tena wako wanaosema kwamba mgonjwa mwenye maumivu hataki majadiliano, anataka kusaidiwa. Hilo nalo lina ukweli. Mtu aliyeletwa hana fahamu hasubiriwi mpaka azungumze. Katz hakukataa kwamba kuzungumza ni kazi ngumu. Alisema tu kwamba imani ya mgonjwa haifai kudaiwa kama kodi. Hujengwa kwa mazungumzo.

Profesa Katz alistaafu mwaka 1993, lakini hakupumzika. Mwaka 1994 Rais Clinton aliunda kamati ya watu 14 kuchunguza majaribio mengine ya siri, ambayo serikali ya Marekani ilikuwa imeyafanya kwa kuwatia watu mionzi bila kuwaambia sawasawa. Katz aliitwa tena. Kamati ilipotoa ripoti yake mwaka 1995, yeye, mzee wa miaka 72, akaandika tena maelezo yake mwenyewe. Alisema kwamba mapendekezo hayakwenda mbali vya kutosha kuwalinda watu. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu ripoti ya Tuskegee, na sauti yake ilikuwa ile ile. Alifariki Novemba 2008, akiwa na umri wa miaka 86.

Sasa turudi kwetu. Katika Tanzania utafiti mwingi wa afya hufanywa kila mwaka, wa malaria, wa kifua kikuu, wa chanjo. Utafiti huo umeleta faida kubwa, na watu wanaojitolea kushiriki wanafanya jambo jema kwa wenzao. Tanzania Bara, utafiti wa namna hiyo hupewa kibali cha maadili na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtafiti akija kijijini kwenu, lazima akuelezeni kwa lugha mnayoielewa. Kama mtu hajui kusoma, kanuni za kimataifa zataka awepo shahidi asiyehusika na utafiti, asikie maelezo yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Na mtu ana ruhusa ya kujitoa wakati wowote, bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Basi ukipewa karatasi, uliza mambo haya matano. Kwanza, haya ni matibabu yangu, au ni utafiti? Pili, nitafanyiwa nini hasa? Tatu, faida yake nini na hatari yake nini? Nne, iko njia nyingine? Tano, nikikataa, itakuwaje?

Usiogope kwamba utaonekana mjinga. Kuuliza si ujinga. Na usiulize kwa ugomvi, maana daktari si adui yako. Uliza kama mtu anayeuliza bei kabla ya kununua ng'ombe. Hakuna muuza ng'ombe mwaminifu anayekasirika ukitazama meno.

Watu wa Tuskegee hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa kazi, waliomwamini aliyevaa koti jeupe. Walinyimwa ukweli na watu waliokuwa nao mkononi. Ninyi mnaosoma darasani usiku baada ya kazi ya mchana kutwa mnajipatia kitu ambacho wao walinyimwa. Soma karatasi mpaka mwisho. Usipoielewa, mwambie aliyekupa akusomee tena. Ukiielewa, na moyo wako ukikubali, ndipo uandike jina lako, kwa herufi nzuri ulizojifunza.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutazungumza habari za kusoma cheti cha kliniki cha mtoto. Njoni na vyeti vyenu. Kwa herini, wasikilizaji.

MANENO YA KUJIFUNZA

Ridhaa: kukubali kwa hiari baada ya kuelewa.
Utafiti: kuchunguza jambo ili kupata maarifa mapya.
Maadili: mwenendo mwema unaotakiwa katika kazi au maisha.
Kamati: watu waliochaguliwa kufanya shauri moja.
Ganzi: hali ya kutosikia maumivu.
Kibali: ruhusa iliyotolewa na mwenye mamlaka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kanuni ya kwanza ya Nuremberg yasema nini? Ieleze kwa maneno yako mwenyewe.
2. Watu wa Tuskegee walidhani wanapewa nini? Walikuwa wakifanyiwa nini hasa?
3. Kwa nini Profesa Katz hakuridhika na maneno ya ripoti ya mwaka 1973?
4. Katika mfano wa bibi na daktari, daktari alisema "sikuahidi". Je, neno hilo linaongeza imani ya mgonjwa au linaipunguza? Kila mtu atoe sababu yake.
5. Watu watatu wasimame mbele ya darasa. Mmoja awe mtafiti, mwingine awe mwanakijiji asiyejua kusoma, na wa tatu awe shahidi. Waulizane yale maswali matano.
6. Andika katika daftari sentensi tatu zenye neno ridhaa.